Wafadhili Watatu wa Ngamiani

Kwa miaka mingi chama chetu hapa Tanga kiliegemea watu watatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa kiongozi. Wa kwanza alikuwa Hajji, muuza saruji na mabati wa Ngamiani, aliyekitolea chama chumba cha mbele cha jengo lake kiwe ofisi bila kodi. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Kisambaa, aliyekuwa akinunua machungwa Muheza na viungo huko juu Amani, akaviuza sokoni Ngamiani. Alikuwa na fuso lake mwenyewe, na mkutano ukiwa mbali, fuso lile ndilo lililobeba watu na vyombo. Wa tatu nilikuwa mimi. Mume wangu alipofariki aliniachia kazi ya kukodisha maturubai, viti na spika, na pamoja na kazi hiyo akaniachia desturi yake: chama kikiita, turubai liende, wala malipo yasitajwe.

Nikaitwa mfadhili. Neno lile lilinipendeza, sitasema uongo. Mkutano ukifanyika kiwanja cha karibu, mimi nipo uani nachambua mchele, nasikia kupitia spika zangu mwenyewe: "Tunamshukuru mama yetu wa maturubai, Mungu amzidishie!" Nacheka peke yangu, naendelea kuchambua. Mkutanoni kwenyewe sikwenda. Hata kadi ya chama sikuwa nayo. Mwenye kadi alikuwa marehemu. Mimi niliona maturubai yakienda yanatosha.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu, Mbondei, mtu mrefu mkavu, ambaye nusu ya mji huu aliwahi kuwashika mkono kuwafundisha kuandika. Nami nilipita mikononi mwake darasa la pili. Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikikutana naye njiani nilinyoosha mgongo kabla sijamwambia shikamoo.

Basi mambo yalikwenda hivyo, na yalikwenda vizuri, mpaka wakubwa wa chama huko juu walipogombana. Mwenyekiti wa taifa na makamu wake walikuwa hawaivi chungu kimoja, kila mmoja na watu wake. Sisi wa mikoani tulidhani ni mambo ya huko huko. Kumbe ugomvi siku hizi hausubiri basi. Ulitufikia kwenye simu kabla hata hatujaujua vizuri. Watu waliokuwa kundi moja la simu wakawa makundi mawili. Waliokunywa kahawa benchi moja pale Barabara ya Nane wakaanza kutafuta mabenchi mengine. Mwalimu wetu alibaki na mwenyekiti, kwa kuwa, alisema, hajaona kosa lake. Upande wa makamu ukashikwa na wakili mmoja kijana, mzaliwa wa hapa hapa, aliyesoma akarudi kufungua ofisi yake mjini. Alikuwa na maneno matamu na viatu visivyoshika vumbi. Vijana walimpenda.

Mimi niliyasikia hayo kama mtu anavyosikia mvua iko Lushoto.

Asubuhi moja Hajji akaja stoo kwangu. Hajji alikuwa rafiki wa mume wangu tangu chuoni, wakisoma Kurani pamoja wakiwa watoto, kwa hiyo tuliitana shemeji. Nilimpa kiti, nikamwagizia kahawa. Alikishika kikombe bila kunywa.

"Shemeji," akasema, "chumba nimempa Wakili."

"Chumba kipi?"

"Cha ofisi. Nimebadilisha kufuli."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na Mwalimu?"

"Mwalimu ni mzee wetu, simvunjii heshima. Lakini wenzangu wa Dar es Salaam, wale ninaochukua mzigo kwao, wote wamehamia kwa makamu. Nimebaki mimi tu. Shemeji, mimi nauza saruji. Ukuta ukianza kuinama, sikai chini yake kuusifu."

"Umemwambia mwenyewe?"

Alitazama viti vyangu vilivyopangwa mpaka darini. "Nimekuja kukuomba jambo moja. Turubai lisiende kwa Mwalimu. Akikosa ofisi, akikosa turubai, akikosa gari, atachoka mwenyewe apumzike, na mambo yatakwisha kwa amani. Mzee yule anahitaji kupumzika."

Hapo akaondoka. Ingekuwa mtu mwingine ningemjibu. Lakini huyu alikuwa Hajji. Mume wangu alipokufa, kaka zake walikuja na gari kuchukua maturubai nami nikiwa bado edani, hata sijui mchana umeingia au umetoka. Hajji ndiye aliyesimama mlangoni mwa stoo akawaambia: "Vitu hivi ni vya mjane na wanawe. Anayevitaka anipite mimi kwanza." Hawakumpita. Kazi ninayoila mpaka leo ni kwa sababu ya kifua cha mtu yule.

Nikaenda sokoni kumtafuta mwenzetu wa machungwa. Nilimkuta amekaa juu ya kreti, kitenge kimefungwa kiunoni, anachagua hiliki kwenye ungo na wakati huo huo anabishana na mteja. Aliponiona alicheka.

"Hajji amekuja kwako," akasema.

"Amekuja. Kwako je?"

"Kwangu alianza jana. Nikamwambia, Hajji, gari yangu itakwenda kwa Wakili Jumamosi, na itakwenda kwa Mwalimu Jumapili, nikishatoka kanisani."

"Watakutukana wote wawili."

"Wameshaanza. Kwa Wakili naitwa popo, kwa Mwalimu kuna wanaoniita kinyonga. Nao wote wakija hapa wanapunguziwa bei ya machungwa." Alipepeta ungo, maganda yakaruka. "Mimi natoa gari, dada. Moyo sijampa mtu."

Nilimwonea wivu. Yeye mambo yalikuwa yanateleza juu yake kama maji juu ya jani la myugwa. Mimi sikuweza. Yeye hakuwa amesimamiwa mlangoni na Hajji.

Siku chache baadaye Mwalimu naye akaja. Alikuja na baiskeli yake kama kawaida, suruali imebanwa kwa kibanio ili isiingie kwenye mnyororo. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa chai, akakubali maji.

"Nimekuja kukwambia kwamba sitakuomba turubai," akasema.

"Mwalimu, sijaelewa."

"Jumapili ya wiki ijayo nakwenda Mwera. Watu wa kule hatujawatembelea muda mrefu, na sasa wanasikia habari nusu nusu kwenye simu, wanagombana kwa mambo wasiyoyajua. Nataka niwaeleze mwenyewe. Tutakaa juani, hapana neno. Wakati wa msiba wako nilikuwepo, nikaona Hajji alivyokusimamia. Sitaki ulale vibaya kwa ajili yangu."

Akanywa maji yake, akanishukuru, akatoka.

Laiti angeniomba! Angeniomba ningeweza kusema turubai limechanika, viti vimekodiwa, na yeye angeelewa, nami ningelala. Lakini mzee yule alifukuzwa ofisini kwa kufuli bila neno, na bado alipanda baiskeli kuja kuniondolea mimi mzigo. Nilizunguka stoo nikishika kiti hiki na kile, nikijifanya nahesabu. Mwisho nikajua nitakalofanya, na nikajua pia kwamba si vizuri Hajji alisikie barabarani.

Ijumaa, baada ya swala, nikaenda nyumbani kwake. Mkewe alinipokea kama siku zote, akaniingiza sebuleni, akaandaa wali na changu wa nazi. Tulikula. Nilitaka tumalize kwanza, lakini nikashindwa kungoja, nikasema chakula kikiwa bado katikati ya jamvi.

"Hajji, turubai litakwenda Mwera na Mwalimu. Na Wakili akilihitaji, litakwenda kwake vile vile. Nimekuja nikwambie mwenyewe."

Aliacha kutafuna. "Yaani mimi na Mwalimu kwako sawa?"

"Si sawa. Wewe ni ndugu yangu. Ndiyo maana nimekuja kwako. Kwa Mwalimu bado sijakwenda."

"Nilikuomba jambo moja tu, shemeji."

"Uliniomba. Nami tangu siku ile sijapata usingizi mzuri."

Alinyoosha mkono kwenye bakuli akanawa, na sahani yake bado ina wali. Akasema, "Haya, sawa," akaingia ndani. Mkewe alinisindikiza mpaka mlangoni, akanibana vidole. "Mwache," akaninong'oneza. "Atapoa."

Hakupoa upesi. Msimu ule wa harusi, watu waliokuwa wakija kununua mabati kwake naye akiwaelekeza kwangu kwa maturubai, hawakuja. Tukikutana njiani alinisalimu kwa adabu kama mtu anayemsalimu karani wa posta. Hilo la salamu liliniuma kuliko la wateja.

Lakini kwa sababu nilikuwa nimeshanuniwa, nikasema moyoni: basi na niende huko Mwera mwenyewe, nikaone hicho kinachonifanya ninuniwe. Jumapili ile, badala ya kusimama mlangoni kuangalia vijana wakipakia, nikapanda fuso mbele, kati ya dereva na mama wa machungwa, ambaye alikuwa bado na gauni lake la kanisani. Nyuma walikaa Mwalimu na wanachama wengine juu ya viti vyangu vilivyofungwa kamba. Nilimwambia Mwalimu apande mbele, akakataa. "Hapa juu naona mbali," akasema, akashikilia kofia.

Tulipofika Pangani kuvuka kwenda ng'ambo ya Bweni, tukakuta gari moja limetutangulia kivukoni. Lilikuwa la Wakili. Naye alikuwa anakwenda ng'ambo hiyo hiyo, kijiji cha mbele yetu, na nyuma ya gari lake mlijaa masufuria na magunia ya mchele. Mchele ule nilijua umetoka kwa Hajji.

Kivuko kikatubeba sote. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Kambi mbili tumesimama juu ya bati moja, hawa wanatazama mkondo wa juu, hawa wanatazama baharini. Mwanamke mmoja msafiri, kabeba kuku wawili miguu juu, akatutazama hawa na hawa, akauliza kwa sauti, "Kwani kuna maiti?" Mama wa machungwa akaanza kutikisika mabega kwa kicheko alichokizuia.

Kisha Wakili akaja upande wetu. Alipita katikati ya magari, viatu vyake vile vile, akasimama kando ya fuso akainua uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama yako hajambo miguu?"

"Nafuu. Anatembea mpaka uani sasa."

"Mwambie asiache yale mazoezi."

"Nitamwambia." Akasita. Nadhani alitaka kusema jambo la kufuli, lakini watu walikuwa wengi. Akasema tu, "Mwalimu, tukifika mshuke taratibu, ile njia ya kupandia ina utelezi." Na tulipofika alisimama pale pale chini, akampa mzee mkono mpaka akatua. Watu wa kambi yake hawakufurahi. Wa kwetu pia hawakufurahi. Mimi, namshukuru Mungu, nilifurahi.

Mwera tulisimika turubai kando ya uwanja wa shule. Nilikuwa sijawahi kuliona likisimikwa kwa ajili ya mkutano. Nililijua la harusi na la matanga. Watu waliokuja walikuwa wachache, wengi wao wanawake. Wanaume, tuliambiwa, wamekwenda kijiji cha mbele kumsikiliza Wakili.

"Wamekwenda kusikiliza pilau," akasema mama mmoja, na wenzake wakacheka.

Mwalimu hakuonekana kujali. Aliongea nao kama darasani, akauliza, akangoja wajibu, akasahihisha pole pole. Hakumsema vibaya makamu wala Wakili. Aliwaeleza wakubwa wanachogombania ni nini, na kipi katika hayo kinawahusu watu wa Mwera na kipi hakiwahusu. Kilichowahusu kilikuwa kidogo kuliko tulivyodhani sote.

Halafu, bila kunionya, akasema, "Leo tumekuja na mfadhili wetu. Maturubai haya ni yake. Asimame awasalimu."

Nikasimama. Nikawaamkia wakubwa, nikawajulia hali wadogo zangu, nikasema nimefurahi kufika. Nilikuwa nageuka kukaa, mwanamke mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mtu wa makamo, mikono myeusi kwa kazi ya mihogo, kanga yake ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Dada, mie nauliza," akasema. "Mwaka juzi mlituletea turubai na pilau. Mwaka huu pilau limekwenda kwa wale, kwa nyie limekuja turubai. Nyie mnaotoa mkinuniana, sie twasalia na nini?"

Nilimtazama Mwalimu anisaidie, naye akawa anatazama kidole chake.

"Sijui, mwenzangu," nikamwambia. "Mimi mwenyewe hata kadi sina."

Kikaja kicheko ambacho sikukitarajia, si cha dharau. Kicheko cha watu waliogundua mgeni naye ni binadamu. "Huna kadi!" akasema yule mama. "Kumbe wewe walisha nyumba usiyolala!" Nami nikacheka. Wanawake wakaanza kuzungumza wao kwa wao, wakatusahau. Huyu akasema mikutano kwao haihitaji viti, mikeka ipo. Yule akasema hata chakula kipo, ni kukubaliana tu nani apike nini. Mwalimu aliwaacha waseme, akakaa pembeni akitabasamu kama mtu aliyesahihisha madaftari na kukuta wote wamepata.

Walitukatalia kuondoka na njaa. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, na mboga ya mchunga iliyopikwa kwa nazi, uchungu wake wa kutia mate kinywani. Kabla hatujapakia, nikamwambia katibu aliyekuwa na kadi mkobani aniandikie moja. Yule mama wa mihogo ndiye aliyenisimamia, akasema, "Andika, huyu wa tawi la Mwera." Nikasema mimi wa Ngamiani. Akasema, "Basi njoo na Ngamiani yako." Mpaka leo niko tawi la Mwera.

Njia nzima ya kurudi mama wa machungwa alinitania. "Mwenzangu umetoa turubai na moyo siku moja," akasema. Lakini tulipofika Kigombe akaniuliza ile kadi inafananaje. Nikampa. Akaigeuza geuza, akanirudishia.

Miezi kadhaa baadaye ukaja uchaguzi wa ndani. Mwalimu akashindwa, Wakili akashinda. Wengi wa upande wetu walilia, wengine walitaka kususa. Mimi nilikwenda kumtazama mzee kwake nikidhani nitamkuta amelala kitandani, nikamkuta anapaka rangi mlango.

"Pole, Mwalimu," nikamwambia.

"Pole ya nini? Nimefundisha watoto wengi, mmoja amenishinda. Ningeshindwa na mtu nisiyemfundisha, hapo ungenipa pole." Akachovya brashi. "Nishikie kopo hilo, linayumba."

Nikamshikia. Na haukupita muda, wale wakubwa wa juu waliotugawa wakapatana. Siku moja simu zote zilijaa picha yao, wameshikana mikono, meno nje, kama watu waliotoka harusini. Hakuna aliyetueleza walichopatana. Wale wafanyabiashara wa Dar es Salaam waliokuwa wamehamia kwa makamu wakarudi kwa mwenyekiti, kisha wakawa wa wote wawili. Hajji wetu akabaki hapa Ngamiani na ufunguo wa kufuli mkononi, kamfukuza mwalimu wake kwa ugomvi ambao wenyewe wameshausahau.

Siku ya Idi alikuja kwangu. Alikuja peke yake, na sahani ya halua imefunikwa kitambaa, wakati sahani kama ile hupelekwa na watoto. Nikajua amekuja tupatane. Nikamkaribisha, nikampa mkate wa kumimina na chai ya mdalasini. Alikula kipande kizima kabla ya kusema.

"Shemeji, sikukasirika kwa ajili ya turubai."

"Ulikasirika kwa ajili ya nini?"

"Ulikuja nyumbani kwangu ukaniambia usoni. Mimi kwa Mwalimu sikwenda. Nilibadilisha kufuli nikakaa dukani. Kila nikikuona nakumbuka hilo." Akafuta vidole. "Mimi shemeji yako ni mtu wa biashara. Natazama nani atakuwa amesimama kesho, nasogea huko. Sijui namna nyingine. Lakini mlango wa mtu aliyenifundisha kuandika A ni aibu kuufunga hivyo."

"Mwalimu yupo nyumbani, Hajji. Leo Idi. Hata Mkristo hupokea wageni siku ya Idi."

"Nitasema nini?"

"Usiseme. Peleka halua."

"Halua nimekuletea wewe."

"Basi tuigawe." Nikakata nusu, nikaipanga kwenye sahani nyingine, nikafunika kwa kitambaa kile kile. Akasita, akaichukua, akatoka nayo. Nilisimama mlangoni kumtazama, mwanamume mnene wa kanzu nyeupe, anavyoibeba sahani kwa mikono miwili asiimwage, mpaka alipokata kona.

Walichosemezana sikijui. Nilimuuliza Mwalimu, akasema, "Alikuja, alikaa, tukazungumza habari za bei ya machungwa." Nilimuuliza Hajji, akasema hivyo hivyo. Lakini wateja wa harusi walianza kurudi, na Hajji akinisalimu njiani hunisimamisha na kuniuliza habari za wajukuu mpaka jua linanichoma.

Wakili naye alikuja stoo, kabla ya kukaa vizuri kwenye kiti chake kipya. "Mama," akaniambia, "kuna swali uliulizwa Mwera. Limenifikia."

"Lipi?"

"La mkinuniana."

Nikamwambia sikulijibu siku ile wala sijalijibu mpaka sasa. Akasema yeye ndiye aliyepewa chumba cha Mwalimu, na kila akiingia humo alijiona kama mtu aliyevaa koti la mwenziwe. Alitaka chama kipange chumba chake, kidogo tu, kwa michango ya wanachama wenyewe, mtu akitoa kwa uwezo wake, ili asije mtu akabadilisha kufuli tena. Nikamwuliza, "Na Hajji atakasirika?" Akasema ameshamwambia. "Umemwambiaje?" "Nilikwenda kwake, nikamwambia usoni." Tukatazamana, tukacheka.

Basi ndivyo ilivyo sasa. Ofisi iko chumba kimoja nyuma ya soko, bati lake linavuja pembeni, na katika chumba cha Hajji sasa yanauzwa mabomba na koki. Hajji bado hutoa, lakini hutoa kama wengine, na hupiga kelele kama wengine akiona mambo hayaendi. Mama wa machungwa fuso lake bado linakwenda kwa yeyote atakayeomba vizuri. Kadi hajachukua, ingawa ameshaniuliza mara nyingine inafananaje. Mwalimu amepumzika kwa namna yake, maana yake yuko kila mahali na baiskeli.

Nami kila baada ya muda navuka kwenda Mwera kwenye mkutano wa tawi langu. Tunakaa kwenye mikeka. Mara nyingi tunazungumza habari za pampu ya kisima na paa la darasa, na kusema kweli kuna wakati nasinzia, yule mama wa mihogo akanipiga kiwiko. Tukimaliza tunakula. Kisha wananisindikiza mpaka barabarani, tunaendelea kusemezana mambo ambayo tungeweza kuyasema mkutanoni, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuaga.